Shajara ya Mradi: Kunyoosha Magurudumu ya Gari la Rimoti la Kipimo cha 1:10

Jumamosi, Julai 5

Leo nimeamua kuacha kukisia na kuanza kupima. Gari letu la rimoti la kipimo cha 1:10, linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, limekuwa likivuta kushoto tangu mwezi uliopita, na kila mara mpwa wangu alipolalamika nilichukua spana nikazungusha tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu la mbele) moja au nyingine mpaka hali ikaonekana nafuu. Nafuu hiyo haikudumu hata betri moja. Kabla ya kugusa chochote leo nimeandika hali ya gari kama nilivyolikuta: trimu ya usukani kwenye rimoti, yaani marekebisho madogo ya katikati ya usukani, imesogezwa hatua 9 kulia, tairodi ya kushoto ina urefu wa milimeta 41.8, ya kulia ina milimeta 43.1, na matairi ya nyuma yamelika zaidi upande wa ndani kuliko wa nje.

Jaribio tulilifanya asubuhi saa moja na nusu kwenye uwanja wa saruji wa mpira wa pete hapa Kijitonyama. Tulichagua saa hiyo kwa sababu mwezi huu upepo wa kusi huanza kusumbua kadiri jua linavyopanda, na bodi ya plastiki nyembamba ya gari kama hili husukumwa na upepo kuliko mtu anavyodhani. Nilivuta kamba ya mwashi yenye urefu wa meta 20, nikapiga mstari wa chaki juu ya saruji, kisha mpwa wangu akaliweka gari kwenye mstari, akalipa nusu ya nguvu bila kugusa usukani, nami nikapima limeuacha mstari kwa kiasi gani lilipofika mwisho. Tulirudia mara tano tukielekea mashariki na mara tano tukielekea magharibi.

Kupima pande zote mbili si urembo. Uwanja wowote wa saruji hujengwa na mteremko mdogo wa kutolea maji ya mvua, na mtu akipima upande mmoja tu anaweza kukaa wiki nzima akirekebisha mteremko wa uwanja badala ya gari. Kuelekea mashariki gari lilikwenda kushoto kwa wastani wa meta 2.2, na kuelekea magharibi lilikwenda kushoto kwa wastani wa meta 1.6. Kwa hiyo gari lenyewe linavuta kushoto kwa meta 1.9 hivi katika kila meta 20, na uwanja unashuka kuelekea kaskazini kiasi cha kuongeza au kupunguza sentimeta 30. Namba hizo mbili ndizo nitakazozirudia mpaka mradi huu uishe.

Jumatatu, Julai 7

Leo ni sikukuu ya Sabasaba na nyumba imetulia, kwa hiyo nimetumia siku nzima kutengeneza meza ya kupimia. Nilikuwa na kioo cha unene wa milimeta 6, urefu wa sentimeta 50 na upana wa sentimeta 40, kilichokatwa wiki iliyopita na fundi vioo wa mtaani. Nimekilaza juu ya meza ya jikoni na kukisawazisha kwa pimamaji na vipande vya karatasi chini ya miguu ya meza. Kioo kinafaa kuliko ubao kwa sababu ubao wa hapa Dar es Salaam hunyonya unyevu wa hewa na kupinda, na kipimo cha nusu digrii hakivumilii uso uliopinda.

Mwanzoni niliweka karatasi ya grafu chini ya kioo, nikidhani nitaisoma kwa juu. Ilinichukua nusu saa kugundua kwamba nikisogeza kichwa kidogo tu mstari nao unaonekana kusogea, kwa sababu kati ya jicho na karatasi kuna unene wa kioo. Nimeihamishia karatasi juu ya kioo na kuibandika kwa gundi ya kijiti, ikakaa bila kukunjamana.

Jambo la pili lilikuwa sahani za kupimia. Tairi la gari hili lina kipenyo cha milimeta 63, na ukipiga hesabu utaona kwamba digrii moja ya mwelekeo wa gurudumu ni tofauti ya milimeta 1.1 tu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa tairi. Rula ya shule haiwezi kusoma tofauti hiyo kwa uhakika, hasa juu ya mpira unaobonyea. Nimekata sahani nne za plastiki ngumu, kila moja ikiwa na urefu wa milimeta 200, nikatoboa tundu katikati, na kuzifunga mahali pa magurudumu juu ya heksi (kipande cha pembe sita kinachoshika gurudumu) ya milimeta 12 kwa nati ileile inayofunga gurudumu, ambayo hukazwa kwa spana namba 7. Kwa urefu huo digrii moja inakuwa milimeta 3.5, na hiyo hata macho yangu yanaiona. Kila sahani nitaisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeizungusha nusu mzunguko, kisha nichukue wastani, ili kama sahani imekaa kombo kidogo kosa hilo lijifute lenyewe.

Chesisi nimeikalisha juu ya vitalu viwili vya mbao ngumu, katika kimo kilekile ambacho gari huwa nacho likisimama na betri yake. Kimo hicho, yaani nafasi kati ya tumbo la chesisi na ardhi, nimekiweka milimeta 6 na kukihakikisha kwa shina la biti ya drili ya milimeta 6 inayopita chini bila kukwama. Wanaoshindana kwenye lami laini hushuka mpaka 5, lakini uwanja wetu una viungo vya saruji vilivyoinuka, na chesisi ikigusa hapo vipimo vyote vinapotea.

Jumamosi, Julai 12

Kazi ya mbele imekamilika leo, na nimeianza kwenye sevo, mota ndogo inayogeuza usukani, kabla ya kugusa tairodi. Nilirudisha trimu ya rimoti kwenye sifuri, nikawasha umeme wa gari ili sevo ijitafutie katikati yake, ambayo kwa kawaida ni ishara ya umeme ya mikrosekunde 1500, kisha nikafungua kijiti cha sevo na kukifunga upya. Ekseli ya sevo yetu ina meno 25, maana yake kuruka jino moja ni kuzungusha kijiti digrii 14.4, na kwa bahati mbaya katikati ya kweli haikuangukia kwenye jino lolote. Nililichagua jino la karibu zaidi, na mabaki ya digrii chache nikayamaliza kwa marekebisho ya ndani ya rimoti yaliyo tofauti na trimu. Tofauti hiyo ina maana kwangu: trimu ni ya dereva, aisogeze uwanjani anavyotaka, na ikikutwa kwenye sifuri gari linapaswa kuwa limenyooka.

Baada ya hapo tairodi zote mbili nimezifanya milimeta 42.4. Tairodi hizi zina meno ya kulia upande mmoja na meno ya kushoto upande mwingine, kwa hiyo ukizungusha fimbo bila kuitoa, ncha zote mbili zinatoka au zinaingia kwa pamoja. Meno ya milimeta 3 yana hatua ya nusu milimeta, hivyo mzunguko mmoja kamili hubadilisha urefu kwa milimeta 1. Kwa kuwa mkono wa usukani kwenye habu ya gari letu una urefu wa karibu milimeta 20, robo ya mzunguko inatosha kugeuza gurudumu kwa takriban digrii 0.7. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikizungusha mzunguko mzima kwa jicho mwezi uliopita, sishangai tena kwamba sikupata kitu. Nimepaka rangi nyeupe ya kucha upande wa meno ya kushoto katika kila fimbo na kuzifunga zote rangi ikiwa upande wa kushoto wa gari, ili spana ikizungushwa kuelekea mbele, fimbo zote zifanye jambo moja.

Hapa niseme maneno ninayoyatumia, kwa sababu yataendelea mpaka mwisho. Magurudumu mawili ya ekseli moja yakikaribiana kwa mbele, ninasema yamebana. Yakiachana kwa mbele, ninasema yamepanua. Gurudumu likilala kichwa chake kuelekea ndani ya gari au nje, hiyo ni kemba, na kichwa kikilala ndani tunaiandika kwa alama ya kutoa. Mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma ni kasta.

Mbele nimeyapanua magurudumu nusu digrii kila upande, sawa na tofauti ya milimeta 1.75 kwenye sahani. Kupanua kidogo mbele hulifanya gari liitikie usukani mapema linapoingia kona, kwa sababu gurudumu la ndani tayari linaangalia huko linakotakiwa kwenda. Ukizidisha, gari linakuwa na wasiwasi kwenye njia iliyonyooka na matairi yanaungua bure. Jambo hili linakwenda pamoja na umbo la mikono ya usukani yenyewe, ambayo imeinamishwa ili katika kona gurudumu la ndani ligeuke zaidi ya la nje, kwa kuwa la ndani linazunguka duara dogo zaidi. Ufumbuzi huo ni wa zamani kuliko magari ya injini: Georg Lankensperger aliubuni kwa mikokoteni ya farasi mjini Munich mwaka 1817, na Rudolph Ackermann akausajili Uingereza mwaka 1818, ndiyo maana hadi leo unaitwa kwa jina la Ackermann.

Kemba nimeiweka digrii 1.5 ndani kwa magurudumu yote manne. Kifaa chake ni kabari ya karatasi ngumu niliyoikata kwa hesabu, yenye urefu wa milimeta 100 na upana wa milimeta 2.6 kichwani, ninayoiweka kati ya skweya ya seremala na sahani. Gari linapolala katika kona gurudumu la nje ndilo linalobeba mzigo, na kemba hiyo ndogo hulifanya tairi likanyage kwa upana wake wote wakati huo. Kasta ya gari letu imefungwa kwenye digrii 4 na vipande vya kiwandani, na sitaigusa.

Jumapili, Julai 13

Matokeo yamenikatisha tamaa kwa saa nzima, kisha yakanifundisha. Trimu ikiwa sifuri, sevo ikiwa katikati, na mbele ikiwa sawa kwa kila kipimo nilichonacho, gari limevuta kushoto kuliko mwanzo, kwa wastani wa zaidi ya meta 4 katika meta 20.

"Shangazi, si bora lilivyokuwa?" mpwa wangu aliniuliza, na nilimwelewa, kwa sababu yeye anataka kuendesha.

Nilimwambia arudishe trimu hatua 9 kulia kama zamani, aendeshe, na safari hii baada ya meta 15 afunge breki badala ya kuachia tu. Gari likaondoka kushoto lilipopewa nguvu, na lilipofungwa breki likapinda kulia kwa ghafla. Tulirudia mara sita, pande zote mbili, na kila mara lilifanya vilevile.

Nilikaa kwenye ngazi za uwanja nikaliwaza jambo hilo. Kosa lingekuwa mbele peke yake, trimu ingelifuta, na gari lingenyooka kwa nguvu na kwa breki. Linapopewa nguvu uzito wake huegemea nyuma, na matairi ya nyuma ndiyo yanayoamua. Linapofungwa breki uzito huhamia mbele, na matairi ya mbele yanachukua uamuzi. Kama nyuma inasukuma kushoto na mbele imegeuzwa kulia ili kuizuia, basi gari litakwenda kushoto kwa nguvu na kulia kwa breki, sawasawa na tulivyoona. Pande mbili za gari zilikuwa zikivutana, na trimu yangu ya hatua 9 ilikuwa ikilificha shindano hilo kwenye mwendo wa polepole tu.

Kabla ya kwenda mbali zaidi nimeondoa visingizio vya kawaida. Vipenyo vya matairi manne nimevipima kwa kalipa na vimo kati ya milimeta 62.9 na 63.1. Difa zote mbili, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia, zinazunguka bila kukwama. Breki haina gurudumu linaloshika peke yake. Nimeinua pia pua ya gari katikati kwa ncha ya kisu, na magurudumu mawili ya mbele yameachana na kioo kwa wakati mmoja. Nikafanya hivyo nyuma, ikawa hivyohivyo. Kwa hiyo chesisi haijajikunja, na shokapu za kushoto na kulia zinabeba mzigo sawa.

Jumatano, Julai 16

Jioni nilipitia kwa Mzee anayefanya alaimenti ya magari makubwa barabara ya pili kutoka kwetu. Nilimwamkia, tukaulizana hali ya nyumbani, kisha nikamweleza yote, pamoja na habari ya breki.

"Mama, mmeanzia wapi kunyoosha?" aliuliza.

"Mbele, Mzee. Tulianza na usukani."

"Hapo ndipo mlipokosea hesabu. Anza nyuma. Nyuma ikiwa imepinda, ukinyoosha mbele umenyoosha usukani tu, gari bado linakwenda kama kaa."

Akanionyesha jinsi anavyofunga kamba mbili pande zote za gari, sambamba na mstari wa katikati wa chesisi, na kupima kila gurudumu peke yake kutoka kwenye kamba badala ya kupima gurudumu na mwenzake. Nimeona aibu kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa nimepima nyuma kwa jumla: nilipata kwamba magurudumu mawili ya nyuma yamebana kwa pamoja digrii 4.5, nikaona ni kiasi kinachokubalika, nikaendelea. Jumla haisemi nani amechangia nini.

Jumamosi, Julai 19

Hii ndiyo siku ya mradi wote.

Asubuhi tulianza na jaribio la kaa, kwa kuwa ni rahisi na linaonekana kwa macho. Tulipaka matairi ya mbele chaki nyeupe na ya nyuma chaki nyekundu, tukalisukuma gari kwa mkono polepole kwenye sakafu ya baraza, na trimu imewekwa pale linapokwenda sawa. Upana wa magurudumu ya mbele na ya nyuma ya gari hili ni mmoja, kwa hiyo gari lililonyooka lingeacha alama nyekundu juu ya nyeupe. Badala yake alama nyekundu zimekaa kulia kwa nyeupe, pande zote mbili, kwa milimeta tatu na kidogo. Mpwa wangu aliinama akaangalia, akanyamaza, kisha akaenda kuleta rula mwenyewe.

Nikarudi kwenye kioo. Nilichora mstari wa katikati kwenye karatasi ya grafu, nikaukalisha chini ya matundu mawili ya katikati ya chesisi, la mbele na la nyuma, nikatumia mistari ya grafu yenyewe badala ya kamba za Mzee. Sahani ya nyuma kushoto imetoa tofauti ya milimeta 10.5 kati ya ncha zake mbili, sawa na kubana digrii 3. Sahani ya nyuma kulia imetoa milimeta 5.2, sawa na digrii 1.5. Nilizungusha sahani, nikasoma tena, nikapumzika, nikanywa chai, nikasoma mara ya tatu. Namba hazikubadilika.

Kubana nyuma ni kwa makusudi. Gurudumu la nje la nyuma likiwa tayari linaangalia ndani kidogo, linashika ardhi mapema gari linapoingia kona, na mkia hautoroki. Ndiyo maana magari ya namna hii huwekewa digrii 2 hadi 3 nyuma kila upande, na ndiyo maana pia matairi ya nyuma hulika upande wa ndani. Magurudumu mawili yakibana sawa, msukumo wa moja unafutwa na wa jingine. Yetu hayakubana sawa. La kushoto linaelekea kulia kwa digrii 3, la kulia linaelekea kushoto kwa 1.5 tu, na wastani wa mvutano huo ni digrii 0.75 kuelekea kulia. Ekseli ya nyuma inakwenda kulia, pua inageuka kushoto. Umbali kati ya ekseli mbili za gari ni milimeta 257, na digrii 0.75 katika umbali huo ni milimeta 3.4. Hesabu ya kwenye karatasi na chaki ya barazani zimekubaliana, na sijui kama nimewahi kufurahia namba ndogo kiasi hicho.

Nyuma ya gari hili haina tairodi. Fimbo ya juu inarekebisha kemba peke yake, na kubana kwa gurudumu kunatokana na jinsi pini ya bawaba ya mkono wa chini ilivyolala kati ya vishikio vyake viwili. Kwa hiyo nilifungua mkono wa kulia na kuchomoa pini. Haikutoka kwa kidole. Ilibidi niisukume kwa bisibisi, na hilo peke yake lilikuwa jibu. Niliiviringisha juu ya kioo ikaruka kama kijiti cha mti. Kishikio cha mbele nacho tundu lake limevutika kuelekea nje na kuwa la umbo la yai.

Mpwa wangu ndiye aliyekumbuka. Mwezi Juni alikata kona ya kulia karibu mno, na uso wa mbele wa gurudumu la nyuma kulia ukagonga ukingo wa zege. Tuliliokota gari, tukaangalia kama kuna kilichovunjika, tukaona hakuna, tukaendelea kuendesha. Mgongano huo uliusukuma mkono kurudi nyuma, ukageuza gurudumu kuelekea nje, na kupunguza kubana kwake kutoka digrii 3 hadi 1.5. Wiki ileile ndipo trimu ilipoanza kusogezwa kulia, hatua moja baada ya nyingine.

Jumatatu, Julai 21

Pini ina unene wa milimeta 3 na urefu wa milimeta 46. Sikutaka msumari wala waya wa kulehemu, kwa sababu chuma laini kitapinda kwa mgongano wa kwanza. Baada ya kazi nilipita Kariakoo kwa fundi wa redio na deki ambaye ana rundo la deki za DVD zilizokufa, nikamwomba anifungulie mbili. Ndani ya kila deki kuna vijiti viwili vya chuma kilichong'arishwa, ambavyo kichwa cha leza huteleza juu yake, navyo vimenyooka kwa sababu vinginevyo diski isingesomeka. Nilikwenda na kalipa. Vijiti vya deki ya kwanza vilikuwa vyembamba. Vya deki ya pili vimesoma milimeta 2.99. Nimenunua vyote viwili, kwa kuwa sitaki pini mpya upande wa kulia na ya zamani upande wa kushoto.

Jumamosi, Julai 26

Nimekata vijiti kwa kisu cha mashine ya kusagia, polepole na kwa kuvichovya kwenye maji ili chuma kisibadilike rangi, nikaondoa makali ya ncha kwa msasa. Vishikio vya mbele vya pande zote mbili nimevibadilisha kwa vipya nilivyokuwa nimeviweka akiba. Mikono sasa inaanguka kwa uzito wake yenyewe gari likiinuliwa, bila kusita na bila kucheza pembeni. Pini za zamani zilikuwa na kutu ya rangi ya chai chini ya vishikio, jambo la kawaida katika mji huu wa hewa ya chumvi, kwa hiyo hizi mpya nimezifuta kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani kabla ya kuzirudisha. Mafuta mengi hayafai, yanakusanya vumbi na kuwa msasa.

Sahani zimesoma milimeta 10.4 kushoto na milimeta 10.3 kulia. Nilirudi mbele na kupima upya bila kubadilisha kitu: nusu digrii ya kupanua kila upande, kama nilivyoiacha tarehe 12.

Jumapili, Julai 27

Uwanja uleule, saa moja na nusu, trimu sifuri.

Kuelekea mashariki gari limekwenda kushoto kwa wastani wa sentimeta 40 katika meta 20. Kuelekea magharibi limekwenda kulia kwa wastani wa sentimeta 20. Gari lenyewe, ukiondoa uwanja, linavuta kushoto kwa sentimeta 10, na uwanja bado unashuka kaskazini kwa sentimeta 30 zilezile za tarehe 5. Namba ya uwanja kutobadilika imenipa imani kuliko namba ya gari kubadilika, kwa sababu inaonyesha kwamba tulipima kitu kilekile siku zote mbili.

Breki ndiyo iliyompendeza mpwa wangu. Aliliachia gari kwa nguvu zote, akafunga breki kwenye alama ya meta 15, likasimama juu ya mstari bila pua kutikisika. Akalirudia jambo hilo mpaka betri ikaisha. Katika kona ya kulia, ambayo zamani ilimlazimu kungoja gari likubali, sasa linaingia sawa na kona ya kushoto.

Jumapili, Agosti 3

Limebaki jambo moja dogo nililoligundua wiki hii. Nikibonyeza pua ya gari kwa kidole mpaka shokapu zifike chini, sahani za mbele zinapanuka zaidi kwa karibu digrii 0.3, sawa pande zote mbili. Sababu ni kwamba tairodi na mkono wa chini havichori upinde mmoja vinapopanda. Nimeweka washa ya milimeta 1 kwenye bolijointi ya nje ya tairodi na mabadiliko yameshuka hadi kiasi ambacho sahani zangu haziwezi kukisoma. Washa hiyo ilipunguza kupanua kwa magurudumu kidogo, kwa hiyo nimerudisha nusu digrii kwa kuzungusha kila tairodi chini ya robo ya mzunguko, na urefu wake sasa ni milimeta 42.2.

Vipimo vyote nimeviandika upande wa ndani wa bodi kwa kalamu ya wino usiofutika: kimo 6, kemba ndani 1.5, mbele kupanua 0.5, nyuma kubana 3, tairodi 42.2, trimu 0, na tarehe. Chini yake nimeacha nafasi ya mstari mmoja kwa ajili ya springi za nyuma, ambazo mpwa wangu anasema ni ngumu mno kwa viungo vya saruji vya uwanja ule, nami nadhani ana haki, ila tutazipima kwanza.